Dakika 21 za Wembley na koo la mwimbaji wa Nungwi

"Shikamoo Mwalimu. Mimi ni kijana wa miaka 24, mzaliwa wa Wete, naimba kwenye bendi inayopiga mahotelini Nungwi na Kendwa. Mwezi wa tisa hoteli moja inaandaa usiku wa kumkumbuka Freddie Mercury, mwimbaji wa bendi ya Queen, na wametuambia tupige dakika ishirini za nyimbo za Queen, kama walivyofanya wenyewe kwenye tamasha la Live Aid mwaka 1985. Ile video nimeitazama mpaka nimeikariri. Kila nikijaribu zile nota za juu sauti inakwama, na sasa hii ni wiki ya nne naamka na sauti ya kukwaruza. Nakunywa tangawizi na ndimu kila siku. Wenzangu wananiambia yule alizaliwa na meno manne ya ziada, na ndiyo yaliyompa oktava nne, kwa hiyo nisijisumbue. Na mimi meno yangu ya juu yamebanana na kuchomoza, daktari wa meno anataka kung'oa mawili anifunge waya. Nikubali, au nitaiharibu sauti? Halafu, yule mtu alifanyaje khasa hata watu elfu sabini wakapiga makofi kwa pamoja? Sisi tukipata wageni sitini hawaitikii."

Marahaba, mwanangu. Naanza na lile ulilolitaja kwa kupita tu, maana ndilo lililonishtua: wiki nne za sauti ya kukwaruza. Hilo halingoji usiku wa hoteli. Sauti ikikwaruza zaidi ya wiki tatu, mwimbaji anatakiwa aonwe na daktari wa masikio, pua na koo, aingize kamera yake ndogo azitazame nyuzi za sauti zenyewe. Mimi ni mwalimu wa sauti, nasikia, sioni. Huko mbele nitakueleza nini huenda kinatokea kooni mwako, lakini kusoma maelezo yangu si kutibiwa.

Sasa nije kwenye wasiwasi wako. Umeuliza meno, nota na makofi, na nyuma ya yote matatu naona hofu moja: kwamba kilichotokea Wembley, ule uwanja wa London walikopigia Live Aid, kilitoka kwenye mwili wa mtu mmoja wa ajabu, na wewe mwili huo hukupewa. Wenzako ndivyo walivyokuaminisha. Mimi nasema sehemu kubwa ya dakika zile ilikuwa uamuzi na mazoezi, na hivyo viwili hata kijana wa Wete anaweza kujifunza.

Tuanze na meno. Ni kweli Freddie alikuwa na meno manne ya ziada nyuma ya kinywa, na ndiyo yaliyoyasukuma ya mbele yakachomoza. Ni kweli pia kwamba alikataa kuyang'oa kwa kuogopa sauti isije ikabadilika, akaishi nayo mpaka alipofariki London tarehe 24 Novemba 1991. Hofu yake ikageuzwa na watu kuwa sayansi. Lakini sauti haizaliwi kwenye meno. Inazaliwa kwenye zoloto, pale nyuzi mbili za nyama laini zinapokutana na kuachana kwa kasi hewa ya mapafu inapopita kati yake. Mlio unaotoka hapo ni mkavu, hauna uzuri wowote. Rangi yake unaipata njiani, kooni, kinywani na puani, na nafasi hizo zinabadilishwa na ulimi, taya, midomo na kaakaa laini. Hebu imba "aaa" kwa nota moja, kisha bila kuiacha nota hiyo geukia "iii". Umesikia rangi ilivyobadilika? Na meno hayakusogea hata kidogo.

Kazi ya meno ni konsonanti. "S" na "z" zinayahitaji, "f" na "v" zinayahitaji, na "th" ya "thamani" pia. Mtu akifungwa waya, wiki za mwanzo herufi hizo humchezacheza mpaka ulimi uzowee nyumba yake mpya. Kwa hiyo uamuzi wa kung'oa au kutong'oa uufanye kwa afya ya kinywa chako: yanaoza kwa kubanana, fizi zinaumia, unashindwa kutafuna? Muulize daktari wako kwa nini anataka kung'oa badala ya kupanga tu, na ukipata wa pili wa kumuuliza, muulize naye. Ninaloliomba ni la ratiba tu, usiyaguse kabla ya onyesho. Kuingia jukwaani na waya wa wiki mbili ni kujitafutia tabu bure.

Oktava nne nazo, yaani kupanda ngazi nzima ya do mpaka do mara nne, zina kisa chake. Mwaka 2016 watafiti wakiongozwa na Christian Herbst, mtaalamu wa sauti kutoka Austria, walizichambua rekodi za Freddie za kuimba na za mazungumzo. Hizo oktava nne hawakuweza kuzithibitisha. Walichokikuta ni kwamba alipozungumza, sauti yake ilikuwa na mitetemo kama 117 kwa sekunde, yaani sauti ya kati ya kiume, baritoni ya kawaida. Alikuwa mtu wa sauti ya kati aliyejifunza kupanda. Upekee wake waliuona mahali pengine. Mtikisiko wa sauti yake kwenye nota ndefu ulikuwa wa haraka, karibu mara 7 kwa sekunde, wakati waimbaji wengi wa mafunzo huwa kati ya mara 5.4 na 6.9, tena wake ulikwenda bila mpango sawa. Halafu kuna ule ukali wake, ule mngurumo unaojaribu kuuiga. Walimtafuta mwimbaji wa roki aigize, wakaipiga picha zoloto yake kwa kamera ya picha zaidi ya 4,000 kwa sekunde, wakaona kwamba juu ya nyuzi za kweli, zile kunjo nyingine zinazoitwa nyuzi za uongo nazo zilikuwa zikitetema. Mwenye kulijua hilo hulifanya kwa nguvu ndogo sana. Asiyelijua hukaza shingo na kupiga kelele, na naogopa ndivyo unavyofanya.

Kuna jambo jingine ambalo video uliyoikariri haikuambii. Nadhani unajipima kwa sauti za kwenye rekodi. Bohemian Rhapsody ya mwaka 1975 ilijengwa studio kwa mkanda wa njia 24. Freddie na wenzake wa bendi, Brian May wa gitaa na Roger Taylor, walirudia kurekodi sauti zao moja juu ya nyingine, kwa hesabu inayotajwa kufika 180, mpaka watu watatu wakasikika kama kwaya nzima. Nota za juu kabisa humo ndani ni za Roger, mpiga ngoma. Jukwaani ile sehemu ya kati ya opera hawakuwa wakiiimba kwa vinywa vyao. Walikuwa wakitoka, mkanda unapigwa, halafu wanarudi. Na pale Live Aid hawakuifikia kabisa. Walipiga mwanzo wake wa piano, ubeti unaojulikana na kila mtu, wakaukata wimbo kabla ya opera kuanza. Chukua rekodi yoyote ya maonyesho yao uilinganishe na ya studio, utamsikia Freddie mara nyingi akizikwepa nota za juu, anaushusha wimbo kisha anaendelea kana kwamba ndivyo ulivyotungwa. Huo haukuwa udhaifu. Alikuwa na ziara ya miezi mbele yake na koo moja tu.

Na koo hilo lilishawahi kumwangusha. Katika ziara ya Marekani ya mwaka 1975 aliota vinundu kwenye nyuzi za sauti, wakalazimika kufuta baadhi ya maonyesho. Kwa hiyo yule uliyeambiwa hakuwa na mpaka, naye alikaa mbele ya daktari akaambiwa anyamaze.

Nitakatisha kidogo hapa kwa sababu najua usiku wa hoteli utapambwa kwa maneno ya "mtoto wetu". Wetu ni kweli: Farrokh Bulsara, mzaliwa wa Unguja tarehe 5 Septemba 1946, mtoto wa wazazi wa Kiparsi, Wahindi wenye asili ya Uajemi, na baba yake alikuwa mshika fedha serikalini. Lakini alipelekwa skuli ya bweni Panchgani, India, akiwa na miaka minane, na huko ndiko alikojifunza piano na kuunda bendi yake ya kwanza, The Hectics. Alirudi mwaka 1963, na baada ya Mapinduzi ya Januari 1964 familia ikahamia Uingereza. Nafurahi kila nikiwaona wageni wamesimama mbele ya ile nyumba ya Shangani. Ila ukiulizwa kwenye kipaza sauti kama alijifunza kuimba kwenye taarab yetu, usilikubali jambo ambalo hakuna anayeweza kulionyesha. Taarab ina wakubwa wake wa kutosha.

Twende Wembley sasa, Jumamosi ya tarehe 13 Julai 1985. Wanamuziki Bob Geldof na Midge Ure waliandaa matamasha mawili kwa siku moja, London na Philadelphia, kuchangisha fedha za njaa ya Ethiopia. Wembley walikuwapo watu kama 72,000. Queen walipanda kama saa 12:41 jioni, na jua la London la Julai halizami mpaka saa tatu usiku, kwa hiyo hawakuwa na giza wala taa za kuwapamba. Mitambo ilikuwa ya wote, bendi zinafuatana kwa dakika, nafasi ya kupima sauti kwa raha hakuna. Na hawakuja wakiwa vipenzi vya kila mtu. Mwaka wa nyuma yake walikwenda kupiga Sun City, Afrika Kusini ya ubaguzi wa rangi, wakati wanamuziki wenzao wameisusia. Walilaumiwa vikali, na kwa maoni yangu lawama ile ilikuwa halali yao.

Walifanya nini? Kwanza walifanya mazoezi, na hili watu hulipita haraka. Wengi waliopanda siku ile waliichukulia kama tafrija, wakaja na nyimbo mpya au wakapiga kwa kubahatisha. Queen walikodi ukumbi London, wakaweka saa mbele yao, wakazikata nyimbo zao mpaka zikaingia kwenye muda waliopewa. Hakuna wimbo uliopigwa ili kutangaza albamu. Walianza na piano na ubeti ambao uwanja mzima unaujua, ukakatwa ungali mtamu. Ikafuata Radio Ga Ga, halafu mchezo wa sauti baina yake na watu, halafu Hammer to Fall yenye magitaa makali, halafu Crazy Little Thing Called Love iliyo nyepesi, wakamalizia na We Will Rock You kwa ufupi na We Are the Champions. Tazama mpangilio huo kwa macho ya mwimbaji. Palipo na kazi kubwa ya koo, nyuma yake pana mahali pa kupumua, ama gitaa linachukua, ama watu wanaimba. Yule hakuimba dakika 21 mfululizo. Watu wa Wembley walimwimbia sehemu yake kubwa.

Hapo ndipo jibu la makofi lilipo. Sauti hewani huenda kama mita 340 kwa sekunde. Aliye mita 100 kutoka jukwaani anasikia ngoma ikiwa imechelewa karibu theluthi ya sekunde, na akipiga kofi, kofi lake linachelewa tena kukurudia. Kwa masikio peke yake, watu 72,000 hawawezi kwenda pamoja. Makofi yangekuwa mvurugano. Kilichowaunganisha ni macho. Radio Ga Ga, wimbo wa Roger Taylor, ulikuwa na video ya mwaka 1984 inayoonyesha watu wamepanga safu wakinyanyua mikono na kupiga makofi mawili mawili kwenye kiitikio. Waliokuja uwanjani walishaiona kwenye televisheni. Mikono ya mbele iliponyanyuka, ya nyuma iliiona papo hapo. Ishara ilikuwa imeshafundishwa mwaka mzima kabla, ni rahisi, na inafanyika kwenye kiitikio tu, si wimbo mzima.

We Will Rock You ilitungwa tangu mwanzo kwa ajili ya watu. Mwaka 1977, baada ya onyesho la Bingley Hall huko Stafford, ambapo watazamaji waliendelea kuimba wenyewe bendi ikiwa imeshatoka, Brian May akajiuliza watu waliosongamana, wasio na ala, wanaweza kufanya nini. Kukanyaga chini na kupiga kofi. Mwendo wake ni wa polepole, kati ya pigo na pigo hupita karibu robo tatu ya sekunde, kwa hiyo hata anayechelewa anajikuta ndani. May ni mtu wa fizikia, baadaye alipata udaktari wa falsafa katika sayansi ya nyota mwaka 2007, na ukiusikiliza wimbo huo utaona fizikia hiyo inavyofanya kazi.

Kisha ule mchezo wa "eeh-oh". Umeutazama ukasikia koo lake. Utazame tena, safari hii usikilize kimya chake. Anatoa kipande kifupi, anaacha, anasubiri. Wakiitikia, anatoa kirefu kidogo. Hawaelezi wafanye nini, wala hawaombi wapige kelele. Anawaachia nafasi tupu, na nafasi tupu inadai kujazwa. Wewe umekulia Pemba, umeitikia kaswida tangu chuoni. Unajua kiongozi mzuri ni yule anayeumaliza mstari wake kwa namna ambayo mdomo wako unafunguka wenyewe.

Wageni wako sitini hawaitikii kwa sababu ndogondogo, si kwa sababu ya meno. Wako mezani, mbali, wanakula. Usiwaite wakati sahani za pweza ndiyo kwanza zinaletwa. Ngoja vyombo viondolewe. Omba meza za mbele zisogezwe. Chagua kipande cha nota mbili au tatu zilizo katikati, ambazo mwanamke na mwanamume wote watazifikia bila aibu, maana mgeni asiyeitikia mara nyingi anaogopa kusikika vibaya. Imba, nyamaza, watazame. Mara ya kwanza watajibu watano. Warudie hao watano kwa furaha, usiwakaripie hamsini na tano waliobaki. Makofi waonyeshe kwa kunyanyua mikono juu kabla ya kiitikio, na mpiga besi na mwenye kinanda wafanye hivyo hivyo kama mikono yao iko huru.

Sasa turudi kwenye koo lako, na nina swali: mnaposimama kupiga, kuna spika inayokurudishia sauti yako mwenyewe? Naona kama naliona jibu. Hoteli hutoa spika mbili juu ya nguzo, zimewaelekea wageni, nyinyi mko nyuma yake, na mpiga ngoma yuko mgongoni kwako. Mtu asipojisikia huongeza sauti bila kujijua. Daktari wa Kifaransa, Étienne Lombard, aliieleza hali hiyo mwanzoni mwa karne iliyopita, na inampata kila mtu, hata anayezungumza sokoni. Usiku mzima unaamini unaimba, kumbe unapiga ukelele.

Beatles, ile bendi ya Uingereza, walipopiga Shea Stadium, New York, tarehe 15 Agosti 1965 mbele ya watu zaidi ya 55,000, spika za kujirudishia sauti hazikuwapo, na sauti zao zilipitishwa kwenye vipaza vya matangazo ya uwanja. Mayowe yaliwafunika, hawakuwa wakijisikia. Mwaka mmoja baadaye, Agosti 1966, wakaacha ziara moja kwa moja, na hali hiyo ilikuwa miongoni mwa sababu. Miaka ishirini mpaka Live Aid ilibadilisha mitambo kuliko ilivyobadilisha makoo ya watu. Na hata siku ile ya Live Aid mitambo ilisaliti: Paul McCartney, aliyekuwa mmoja wa Beatles, aliketi kwenye piano kuimba Let It Be, kipaza sauti chake kikafa kwa karibu dakika mbili za mwanzo, watu uwanjani wakaimba naye.

Kwa hiyo kabla hujanunua dawa yoyote ya koo, changeni mpate monita moja, yaani hiyo spika ya kukurudishia sauti. Iwekwe sakafuni mbele yako ikuelekee usoni, mgongo wa kipaza sauti ukiiangalia, isije ikapiga miluzi. Kipaza kishike karibu na midomo, vidole viwili hivi, na usikikumbatie kichwa chake kwa kiganja. Halafu punguzeni ala, msiongeze mwimbaji. Waimbaji wa taarab waliimba kumbi nzima kabla ya umeme wa vipaza. Siti binti Saad alikwenda Bombay kurekodi mwaka 1928 akiwa ameshajulikana Unguja yote kwa koo tupu. Waliweza kwa sababu mwimbaji akiingia kwenye ubeti, udi na fidla humpisha. Mwambie mpiga gitaa wako afanye adabu hiyo hiyo.

Kinachotokea ndani usipofanya hivyo ni hiki. Ukiimba nota ya juu ya kiume, nyuzi zako zinagongana mara mia nne na zaidi kwa kila sekunde. Zikigonga kwa nguvu usiku baada ya usiku zinavimba, na uvimbe usipopumzishwa hujenga vinundu, kama kiganja cha mvuta makasia kinavyoota sugu. Zikishavimba hazifungi vizuri, hewa inavuja, ndiyo mkwaruzo wa asubuhi, na nota za juu ndizo za mwanzo kukukimbia. Wewe unaona sauti imekwama, unasukuma zaidi, uvimbe unazidi. Wazee walisema ngoma ikilia sana hupasuka. Habari njema ni kwamba vinundu vya mwanzo kwa kawaida huondoka kwa mapumziko na mazoezi ya sauti chini ya mtaalamu, bila kisu.

Tangawizi na ndimu sikukatazi kwa chuki, ila ujue zinapita wapi. Kinachomezwa huteremka kwenye umio. Nyuzi za sauti ziko kwenye njia ya hewa, na mwili unaifunga njia hiyo kila unapomeza. Kingezigusa nyuzi, ungepaliwa. Asali hupoza koo, maji mengi ya siku nzima huzilainisha nyuzi kutoka ndani, mvuke wa maji ya moto huzifikia. Ndimu na tangawizi kila siku, juu ya bakuli la urojo saa sita za usiku na kulala hapo hapo, kwa watu wengine huipandisha asidi ya tumbo mpaka kwenye zoloto, nayo inakwaruza vizuri sana. Kula mapema, au ngoja muda wa saa mbili tatu ndipo ulale. Na usinong'one ukidhani unapumzisha sauti. Kunong'ona kwa nguvu nako kunaichosha. Nyamaza, au zungumza kwa upole.

Kuhusu mwezi wa tisa una njia tatu, nami nitakuwa mkweli. Kuendelea hivi hivi, mazoezi kila siku na kazi kila usiku, ndiyo rahisi kwa mfuko wako na ndiyo mbaya kuliko zote. Kujitoa kabisa ni salama, lakini najua kazi za hoteli zinavyopatikana na mwenye hoteli anavyosahau jina lako. Daktari akikuambia ujitoe, jitoe, vinginevyo sioni lazima. Ya tatu ndiyo ninayoipendelea, kupiga dakika ishirini zilizopangwa kama walivyozipanga wenyewe. Shusheni ufunguo wa nyimbo kwa nusutoni mbili au tatu, zile hatua ndogo baina ya nota na nota. Kinanda hubadilishwa kwa kitufe, magitaa yalegezwe nyuzi, na hakuna mgeni atakayejua. Bohemian Rhapsody mwanzo tu. Viitikio wape wageni na wenzako. Zile nota za juu kabisa ziache, au mpe mwenzio mwenye sauti nyembamba. Mazoezi ya bendi fanyeni, lakini wewe imba kwa nusu sauti, na siku moja tu ya mwisho imba kamili. Huo mngurumo, mpaka upate mwalimu aliye mbele yako akikusikiliza, usiuguse.

Yote hayo yanangoja daktari kwanza. Kwa Unguja anza na hospitali ya Mnazi Mmoja, uulizie kliniki ya masikio, pua na koo. Usiridhike na vidonge vya duka la dawa. Nenda haraka zaidi, siku hiyo hiyo, ukiona damu kwenye mate, ukipata shida ya kupumua au kumeza, ukihisi uvimbe shingoni, au sauti ikikatika ghafla katikati ya wimbo. Ikikatika ghafla namna hiyo, uzi mmoja huenda umevuja damu: acha wimbo pale pale, usiumalize kwa heshima ya wageni, wala usimeze aspirini, maana inaweza kuzidisha kuvuja.

Ukienda, mweleze saa ngapi unaimba kwa wiki, kama unavuta sigara, kama kifua kinakuchoma usiku, na mkwaruzo ulianza siku gani. Ukiwa na rekodi ya simu ya sauti yako ya miezi iliyopita, kabla ya haya, mpe aisikie apate cha kulinganisha nacho. Akishakutazama, niandikie alichokuambia, na orodha ya nyimbo zenu, tukae tuzikate pamoja.